Nilinunua lenzi tatu kabla ya kupima umbali wa mikono yangu

Binti yangu ndiye aliyeuona ule mwanya kwanza. Fimbo ya kuvulia ilikuwa imenichukua jioni za mwezi mzima, epoksi, ile gundi inayopakwa juu ya nyuzi, imeshakauka na kung'aa kama kioo, nikampa aishike. Akaizungusha polepole chini ya taa, akasimama kwenye pete ya tatu. "Baba, mbona hapa nyuzi zimeachana?" Nikaichukua. Nikaisogeza, nikairudisha nyuma mpaka mkono ukanyooka, sikuona kitu zaidi ya wekundu wa uzi. Akatoa simu, akapiga picha, akaikuza, akanionyesha. Mwanya ulikuwepo, mpana kama uzi mmoja, ufito mweusi, yaani mwili wa fimbo wenyewe, unachungulia katikati. Pembeni yake, ncha ya uzi niliyodhani nimeikata ilikuwa imesimama kama unywele ndani ya epoksi.

Tulizipiga picha pete zote nane. Nne zilikuwa na kasoro. Epoksi ikishaganda hakuna kurekebisha: unachana kwa wembe, unakwangua taratibu usijeruhi ufito, unaanza upya. Nilizichana usiku uleule, na niliumia, kwa sababu ile ndiyo fimbo niliyoifanyia uangalifu kuliko zote.

Kwa asiyeijua kazi hii: kila pete inayopitisha mshipi ina mguu mmoja au miwili, na mguu huo hufungwa kwenye ufito kwa uzi unaozungushwa mara nyingi, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Uzi mwembamba unaotumiwa na wengi una unene wa takriban milimita 0.15. Sentimita 2 tu ni mizunguko zaidi ya 100. Mmoja ukiruka, au ukimpanda mwenzake pale uzi unapoanza kupanda juu ya mguu wa pete, jicho zuri linaona papo hapo na kidole kinasukuma uzi mahali pake. Jicho langu halikuwa linaona tena, na mimi sikujua kwamba halioni. Hilo ndilo lililonishtua zaidi. Macho hayakuniuma, wala hakukuwa na giza. Nilikuwa naona uzi mwekundu umefunga vizuri, kumbe naona rangi tu.

Nilikuwa nimevuka miaka 45. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na watu wengi huanza kuligundua hilo wakiwa na miaka 40 hivi. Kijana wa miaka 20 anaweza kuona wazi kitu kilicho kama sentimita 10 kutoka usoni. Mtu wa umri wangu, bila msaada, yuko kwenye sentimita 25 au zaidi, na hapo jicho linafanya kazi kwa nguvu zake zote. Si ugonjwa, na hakuna aliyepona kwa kukaza macho. Ila mimi nilikaza macho kwa karibu miaka miwili kabla ya kukubali.

Nilipokubali, nikakimbilia namba kubwa. Niliona lenzi ndogo ya kushika mkononi imeandikwa mara 10, nikasema hii itanimalizia tatizo. Niliipenda siku ya kwanza, maana uzi ulionekana kama kamba ya jahazi. Siku ya pili nilipotaka kufanya kazi kweli, nikagundua kwamba lenzi ya mara 10 inataka kitu kiwe sentimita 2.5 tu kutoka kwenye lenzi. Pua inagusa ufito. Mkono mmoja umeshika lenzi, wa pili umeshika fimbo, uzi unavutwa na nani? Na unachokiona ni kaduara kadogo. Ukisogea kidogo tu, kila kitu kinakuwa ukungu. Lenzi ile bado ninayo na ninaiheshimu kwa kazi moja: kukagua. Nikitaka kujua kama ncha ya mguu wa pete nimeinoa kwa tupa vya kutosha hadi ikawa kali kama ukingo wa kisu, ndiyo ninayoitoa. Kufungia uzi haifai.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilinunua kofia ya lenzi ya plastiki, ile ya kuvaa kichwani yenye mkanda, taa ndogo kwenye paji la uso na lenzi nne za kubadilisha. Nikaweka ile kali kuliko zote, kwa tamaa ileile. Ilinilazimu kuinama mpaka uso ukawa sentimita 10 kutoka kwenye uzi. Baada ya nusu saa shingo ilikuwa imekakamaa, na jioni kichwa kiliuma nyuma ya macho. Taa yenyewe ilirusha mwanga moja kwa moja kwenye epoksi ukanirudia usoni, nikawa naona mng'aro badala ya povu nililokuwa nalitafuta. Kisha siku moja niliifuta lenzi kwa kitambaa nilichokuwa nimefutia epoksi kwa spiriti. Plastiki ikaingia ukungu wa nyufa ndogondogo ambao haukutoka tena. Naliandika hili kwa sababu meza ya fundi wa fimbo haikosi spiriti, na mara nyingine haikosi asetoni, na asetoni huiyeyusha kabisa plastiki ya lenzi. Maji, tone la sabuni laini, na kitambaa safi kisicho na historia. Hivyo tu.

Halafu nikanunua taa ya lenzi, ile yenye kioo kikubwa cha duara kilichozungukwa na mwanga, imefungwa mezani kwa mkono wa kukunjika. Hii sikuikosea kabisa. Ni kioo kipana, macho yote mawili yanapita, huvai kitu kichwani, na kwa kupaka epoksi ni msaada mkubwa. Lakini kwa uzi ilinisumbua, na nilichukua majuma kadhaa kuelewa sababu. Mwanga wa duara unatoka pande zote, kwa hiyo unafuta vivuli. Na vivuli ndivyo vinavyokuonyesha mwanya! Mwanga ukitoka upande mmoja, chini chini, kila mzunguko wa uzi unatupa kauvuli juu ya mwenzake, na palipo na mwanya mstari mweusi unakuwa mnene ghafla. Siku hizi taa ya duara naizima wakati wa kufunga, nabaki na kioo chake na taa nyingine ya kawaida pembeni.

Na kuna jambo la hatari ambalo sikulifikiria. Asubuhi moja niliacha kioo kile wazi karibu na dirisha. Nikiwa chumba kingine nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. Jua lilikuwa limepita kwenye lenzi na kukusanyika kwenye taulo nililolaza juu ya meza. Doa jeusi lilikuwa limeshatoboka na moshi mwembamba unapanda, na chupa ya spiriti ilikuwa umbali wa kiganja kimoja. Tangu siku hiyo kioo hakilali bila kufunikwa, hata kama natoka kwa dakika mbili.

Wakati huo nilikuwa nimeshatumia fedha kwenye vitu vitatu, na jumla yake ilizidi mara mbili ya kile nilichokuja kulipia kipimo cha macho pamoja na miwani. Ningeanza huko, ningebaki na fedha ya kununulia ufito mzuri.

Mtaalamu wa macho aliniuliza swali moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "Ukiwa kazini, mikono yako inakaa umbali gani na macho yako?" Sikujua. Akasema, "Basi nenda kapime, urudi na namba." Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu cha kazi, nikafunga uzi kama kawaida, binti yangu akaninyooshea utepe wa fundi cherehani kutoka pembe ya jicho hadi kwenye uzi. Sentimita 36. Nilipoinama kukata ncha kwa wembe, 28. Alipima mara tatu, maana kila nikijua napimwa nilijinyoosha.

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla ya kununua chochote, fanya hilo. Kaa ulivyozoea kukaa, si ulivyofundishwa kukaa, mtu mwingine apime.

Alinieleza pia hesabu ambayo imenisaidia kuliko matangazo yote. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta. Ukigawa 100 kwa dayopta, unapata umbali kwa sentimita ambao lenzi hiyo inaonyesha wazi kwa jicho lililotulia, na ambalo kwa mbali linaona vizuri, lenyewe au kwa miwani yake. Dayopta 2 ni sentimita 50. Dayopta 3 ni kama 33. Dayopta 5 ni 20. Dayopta 10 ni 10 tu. Kwa hiyo kila unapoongeza ukuzaji, unalipa kwa umbali. Na unalipa pia kwa upana wa eneo unaloliona na kwa kina chake, yaani ni kiasi gani cha mbele na nyuma kinabaki wazi kwa pamoja. Ufito ni duara. Ukitumia lenzi kali sana, mgongo wa ufito unaonekana na mbavu zake zinapotea.

Na zile "mara 2", "mara 3" zilizoandikwa kwenye maboksi? Kuna wanaogawa dayopta kwa 4. Kuna wanaogawa kwa 4 kisha wakaongeza 1. Lenzi ya dayopta 4 kwa hesabu ya kwanza ni mara 1, kwa hesabu ya pili ni mara 2, na ni lenzi ileile. Taa za lenzi kwa kawaida hufuata hesabu ya pili: dayopta 3 inaandikwa 1.75, dayopta 5 inaandikwa 2.25. Ndiyo maana siku hizi naiacha namba ya ukuzaji na kuuliza umbali wa kufanyia kazi. Muuzaji asipoujua, naomba nishike lenzi, naisogeza juu ya maandishi mpaka yawe wazi, napima kwa rula.

Hesabu hiyohiyo ilinifunulia chanzo kingine cha maumivu ya kichwa. Nguvu za lenzi zikivaliwa pamoja hujumlishwa. Hata nilipoweka lenzi dhaifu zaidi kwenye ile kofia ya plastiki, nilivaa chini yake miwani ya kusomea ya +2, nikidhani najisaidia. Miwani ya +2 na lenzi ya dayopta 3 ni 5, na umbali ukashuka hadi sentimita 20 bila mimi kuelewa kwa nini kila siku najikuta nimeinama. Anayetumia miwani ya mbali avae hiyo ya mbali chini ya kofia, si ya kusomea, isipokuwa kama amekusudia kuongeza nguvu. Na wewe usiyeona mbali, lakini karibu unaona vizuri, una bahati katika kazi hii: mwenye miwani ya -3 akiivua anaona wazi kwenye sentimita 33 bila kununua kitu.

Kipimo kilionyesha pia kwamba macho yangu hayalingani. La kulia linahitaji nguvu zaidi, na uso wake haukupinda sawasawa. Miwani ya kusomea ya kununua tayari ina nguvu moja pande zote na hairekebishi kasoro hiyo ya mpindo. Kwa mtu ambaye macho yake yanalingana, nasema bila kusita aanze na miwani hiyo ya bei nafuu, +2.5 au +3, aone kama kazi inakwenda. Wengi hawatahitaji zaidi. Mimi nilitengenezewa miwani ya umbali wa sentimita 36, na karibu kazi yangu yote naifanya kwa hiyo miwani tu.

Kwa kazi zilizobaki, kama kuanza mzunguko wa kwanza, kupandisha uzi juu ya mguu wa pete au kuvuta ncha ya mwisho kupitia kitanzi, nilinunua kofia moja ya lenzi za kioo halisi, nguvu ndogo, ya umbali wa kama sentimita 35. Naivaa juu ya miwani yangu ya mbali. Ina lenzi mbili, moja kwa kila jicho, zimekatwa kwa mteremko ili macho yasilazimike kujikunja sana kuelekea puani. Macho yote mawili yakifanya kazi, unajua uzi uko juu au chini ya mwenzake. Kwa jicho moja unabahatisha. Sehemu hii ya matumizi sikubani fedha. Kabla ya kununua nilikwenda na kipande cha ufito chenye uzi mfukoni, na karatasi ya mistari. Mistari ikipinda ukingoni mwa lenzi au ikiwa na rangi za upinde wa mvua, niliirudisha. Nilivaa kila moja kwa dakika 10 nzima, kwa sababu dakika ya kwanza kila lenzi ni nzuri.

Rafiki aliniazima miwani yenye vidarubini viwili kama wanayovaa madaktari wa meno. Nisiseme uongo, ni tamu: ukuzaji wa mara 2.5 huku umekaa wima, mikono iko sentimita 40 mbele yako. Lakini inapaswa kulingana na umbali kati ya mboni zako mbili, na zile za bei rahisi nilizojaribu baadaye zilinionyesha picha mbili zisizokutana. Anayetia vito kwenye pete za dhahabu kutwa nzima ninamwelewa akiwekeza humo. Kwa kufunga nyuzi za fimbo, sioni haja.

Lakini fedha yako ya kwanza, kabla ya lenzi yoyote, nunulia mwanga. Taa moja kali, inayosogea, iwekwe upande ulio kinyume na mkono unaofanyia kazi ili kivuli cha mkono kisiangukie uzi. Mwanga ukiwa mkali mboni husinyaa, na mboni iliyosinyaa huongeza kina cha kile unachokiona wazi. Nilipata nafuu kubwa usiku wa kwanza nilipobadilisha taa tu. Uzi mweusi juu ya ufito mweusi ndio mtihani mgumu kuliko yote, na hapo natandika karatasi nyeupe chini ya fimbo ili ukingo wa uzi uonekane dhidi ya weupe. Na badala ya kuinamia fimbo, inua vishikio vyake, yaani vile viegemeo vinavyoibeba mezani. Mimi niliweka mbao mbili chini ya vishikio, na maumivu ya shingo yakaisha ndani ya juma moja.

Juma la kwanza na kofia mpya nilijikata kidole. Chini ya lenzi mkono unaonekana unakwenda mbali kuliko unavyokwenda, na wembe ukitoka nje ya eneo linaloonekana hujui uko wapi. Fanya mazoezi kwa kijiti butu kwanza. Jambo lingine: kazi ya kuzinyoosha pete ziwe kwenye mstari mmoja usiifanye ukiwa na lenzi. Nilifanya hivyo kwenye fimbo ya pili, kila mguu umekaa vizuri ajabu, lakini nilipoitazama fimbo nzima kutoka kwenye mshikio pete zilikuwa zinayumba kama njia ya mbuzi. Vua kila kitu, inua fimbo, itazame kwa urefu wake wote, sukuma pete kidogo kidogo, kisha ndipo uchanganye epoksi.

Na kabla ya epoksi, piga picha. Kila pete, pande tatu, kwa simu, uikuze. Hiki ni kifaa cha kukuza ambacho wengi tayari wanacho, na wakati huo uzi bado unasukumika kwa kucha au kwa kijiti laini.

Naomba niseme na hili. Fundi mwenzangu alikuwa akibadilisha lenzi kali kwa kali zaidi kila baada ya miezi michache, akilalamika kwamba zote zina ukungu. Ilikuwa mtoto wa jicho. Kama jicho moja linafifia kuliko jingine, kama mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, kama unaona mimweko ya ghafla, hiyo si kazi ya lenzi ya dukani. Nenda kwa daktari wa macho, na usingoje.

Mimi hupima upya umbali wangu kila mwaka, na macho napimwa kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa lenzi ya jicho bado inaendelea kukakamaa. Ukingoni mwa meza nimebandika utepe wenye alama kwenye sentimita 36. Nikijikuta uso umeupita, najua nimechoka. Naweka uzi chini, natazama nje dirishani kwa muda, au naacha mpaka kesho.

Ile fimbo niliifunga upya. Pete ya tatu aliifunga binti yangu. Nilimvalisha kofia ya lenzi, nikamrekebishia mkanda, nikamwinulia taa. Akafunga mizunguko kama kumi, akaivua na kuiweka mezani. "Naona vizuri bila hii, Baba." Akasogeza uso karibu zaidi ya mahali ambapo macho yangu yatafika tena, akaendelea kuzungusha.